Simu Haiiti: Kutafuta Chanzo cha Uhaba wa Wateja kwa Mafundi wa Majumbani Jijini Tanga

Fundi bomba, fundi umeme, fundi wa viyoyozi na majokofu, anayeosha masofa na mazulia, anayesafisha matangi ya maji: wote hawa jijini Tanga hukutana kwenye lalamiko moja, kwamba wateja hawapo. Lalamiko hilo hujibiwa haraka kwa ushauri wa aina mbili, ama punguza bei ama jitangaze zaidi, na mara nyingi fundi hufuata yote mawili kwa pamoja, akatoa fedha za matangazo katika mwezi uleule aliopunguza kipato chake kwa kila kazi. Hoja ya mwongozo huu ni kwamba maneno "wateja hawapo" hufunika matatizo kadhaa yasiyofanana. Yupo fundi asiyejulikana kabisa, yupo anayepigiwa simu lakini hapewi kazi, na yupo anayepewa kazi mara moja asiitwe tena. Dawa ya mmoja inaweza kumuumiza mwenzake, kwa hiyo kwanza tutafute mahali hasa wateja wanapopotelea.

Kabla ya kutibu: daftari la simu

Nunua daftari la kawaida na uliwekee mistari. Kila anayekupigia au kukutumia ujumbe kuhusu kazi apate mstari wake, uandike tarehe, mtaa anakoishi, nani aliyemwelekeza kwako, anataka kazi gani, umemtajia bei gani, na mwisho wake ulikuwaje. Usiandike wale waliokupa kazi peke yao, kwa sababu walionyamaza ndio wenye habari unayoitafuta. Swali la nani aliyemwelekeza liulizwe mara baada ya salamu, kwa upole, na wala halimkeri mtu. Wengi hupenda kumtaja jirani au ndugu aliyewapa namba.

Baada ya mwezi mmoja soma hesabu yake. Chukulia umepata simu 20 na kazi 4: watu wanakujua, ila mazungumzo ya simu yanakuharibia. Chukulia simu 5 na kazi 4: unaongea vizuri na kazi yako inaaminika, lakini hujulikani. Chukulia simu 20 na kazi 16, na katika hizo hakuna hata jina moja la mteja wa zamani: hapo unaingiza wapya kwa nguvu nyingi na kuwapoteza kwa mlango wa nyuma. Ni mtu wa hesabu ya pili tu ndiye anayehitaji kujitangaza, na kwa maoni yangu hao ni wachache kuliko inavyodhaniwa.

Dalili: simu haiiti kabisa, wiki nzima inapita

Anza na lililo jepesi. Piga namba iliyoandikwa kwenye kibao chako, kwenye fulana, kwenye mlango wa bajaji uliyobandika tangazo, na kwenye karatasi ulizogawa mwaka jana. Mafundi hubadilisha laini, na vibao hubaki vikitangaza namba ya zamani ambayo pengine imeshapewa mtu mwingine. Kama umeshindwa kuirudisha laini ile, kazi ya kwanza ni kuzunguka na kufuta namba hizo.

Sababu ya pili ni jina la kazi. Anayejitambulisha kuwa fundi wa kila kitu hakumbukwi kwa chochote. Mama mwenye bomba linalovuja huko Makorora hatafuti "huduma bora za kiufundi", anauliza barazani au kwa jirani, "Nani anamjua fundi bomba?" Atakayetajwa ni yule ambaye jina lake limeshikamana na bomba. Unaweza kuwa na ujuzi wa kazi tatu, lakini jitangaze kwa moja, na hizo nyingine mteja atazijua ukishaingia nyumbani kwake.

Sababu ya tatu, na hapa ndipo penye mengi, ni kutojulikana na watu wanaoulizwa. Nyumba yenye hitilafu haianzi kwa fundi. Huanza kwa mtu fulani wa karibu. Muuza duka la vifaa vya ujenzi ndiye wa kwanza, kwa kuwa anayekuja kununua koki au soketi humuuliza papo hapo ni nani atakayemfungia. Dalali wa nyumba naye huwa na funguo za nyumba inayotaka kufanyiwa usafi na matengenezo kabla ya mpangaji mpya kuingia. Mlinzi wa nyumba za Raskazone huulizwa na mwenye nyumba, na mwenyekiti wa serikali ya mtaa huulizwa na wageni waliohamia. Fundi wa kazi nyingine pia ni mlango: anayepaka rangi huona bomba bovu, na fundi umeme huona kiyoyozi kilichokufa. Watembelee hawa ana kwa ana, si mara moja tu, na uwaachie kadi au karatasi ndogo yenye jina la kazi, namba na mitaa unayofika. Muuza duka anahitaji kuwa na hakika kwamba akikutaja hataaibika, basi siku ya kwanza usimwombe wateja; mwonyeshe kazi uliyoifanya karibu na duka lake ili akaulize mwenyewe.

Hapa huzuka suala la kamisheni. Si vibaya kumpa mtu ahsante yake, lakini iwe kiasi kinachojulikana, kitoke kwenye ufundi wako, na kamwe kisifichwe ndani ya bei ya vifaa. Mteja akigundua kwamba koki aliyoambiwa bei fulani inauzwa duka la pili kwa bei ya chini, hatamlaumu muuza duka peke yake. Atakufuta wewe, na atawaambia majirani zake.

Sababu ya nne ni kutawanyika. Kutoka ufukweni Raskazone hadi Pongwe, kwenye barabara ya kwenda Muheza, ni safari inayokula muda na nauli, na fundi anayegawa karatasi 200 mji mzima huonwa mara moja na kila mtu kisha husahaulika. Karatasi hizohizo zikigawanywa katika barabara chache za Ngamiani, ambazo zimepewa namba na nyumba zake zimekaribiana, kazi moja huonekana na nyumba jirani, na jirani huuliza. Chagua mitaa miwili au mitatu, ijaze, ndipo usogee.

Kwa wageni wasio na jirani wa kumuuliza, ramani ya Google hufanya kazi ya jirani. Kuandikisha biashara humo ni bure, na kwa sababu wewe ndiye unayekwenda kwa mteja, unaweza kuficha anwani yako ya nyumbani na kuonyesha tu maeneo unayohudumia. Google itataka uthibitisho, na mara nyingi huomba video fupi inayoonyesha vifaa vyako vya kazi. Ukishathibitishwa, waombe wateja wa kweli waandike maoni yao; usiwalipe wala usiwape punguzo kwa ajili ya maoni, kwani kanuni za Google zinakataza jambo hilo.

Dalili: natangaza WhatsApp kila siku na hakuna anayejibu

Tatizo hili mara nyingi ni la kiufundi kuliko la kibiashara. Ujumbe unaotumwa kwa orodha ya matangazo ya WhatsApp huwafikia wale tu waliohifadhi namba yako katika simu zao. Asiyeihifadhi haupati, hata kama wewe unayo yake. Picha za stetasi nazo, kwa mpangilio wa kawaida, huonekana pale tu ambapo nyote wawili mmehifadhi namba za mwenzenu. Fundi anaweza kutuma tangazo kwa namba 150 zilizomo kwenye simu yake likawafikia watu wachache sana, kisha akaamini kwamba watu wamemkataa.

Dawa yake haiko kwenye simu yako, iko mlangoni kwa mteja. Kazi ikiisha na akiwa ameridhika, mwombe ahifadhi namba yako palepale, na aihifadhi kwa jina atakalolitafuta siku ya dharura: "Fundi AC Sahare" au "Fundi Bomba Mikanjuni". Jina lako halisi linaweza kuja nyuma. Miezi minane baadaye, kiyoyozi kikiacha kupooza, hatakumbuka unaitwa nani, ila ataandika "fundi" na utatokea.

Kuhusu kinachotangazwa, picha ya kazi yako mwenyewe kabla na baada ni bora kuliko picha ya kuvutia iliyochukuliwa mtandaoni. Lakini nyumba ya mtu ni sitara yake. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha, usionyeshe watu, namba ya nyumba wala mali zilizomo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata bila sheria hiyo, familia nyingi za mjini Tanga zikiona sebule yao kwenye stetasi ya fundi hazitamwita tena.

Dalili: wanapiga, wanauliza bei, kisha wananyamaza

Fundi hudhani kwamba bei ilikuwa kubwa. Inawezekana. Lakini kabla ya kuipunguza, angalia jinsi ilivyotajwa.

"Fundi, AC yangu haipoozi, shilingi ngapi?" Fundi anayejibu swali hilo kwa namba moja amejiweka pabaya kwa vyovyote vile. Akitaja ndogo, atalazimika kuipandisha akishaona kazi, na hilo ndilo wateja wanaloliogopa kuliko bei yenyewe, kwa sababu wengi wamewahi kuahidiwa bei moja kwenye simu na kudaiwa nyingine mtu akiwa ameshafungua mashine sakafuni. Akitaja kubwa ili ajilinde, mteja anakata. Anayejibu "mpaka nije nione" naye anamwacha mteja bila chochote cha kulinganisha, na tena hajasema kama huko kuja kuona kunalipiwa.

Jibu linalofanya kazi lina sehemu tatu, na linaweza kusemwa kwa nusu dakika. Uliza maswali mawili au matatu kwanza: mashine inawaka lakini haitoi ubaridi, au haiwaki kabisa? Inavuja maji ndani? Ilisafishwa lini? Kisha taja gharama ya kufika na kukagua, na useme kama itaondolewa ukipewa kazi. Halafu eleza viwango: ikiwa ni uchafu tu, kusafisha ni kiasi hiki, ikiwa gesi imevuja, itabidi kwanza kutafutwa palipotoboka, na gharama itafika hapa, vifaa vinahesabiwa mbali na ufundi, na risiti ya duka utaiona. Maliza kwa ahadi kwamba hakuna kitakachofunguliwa kabla hamjakubaliana. Mteja aliyesikia maneno hayo anaweza kupata fundi wa bei nafuu zaidi, lakini hatampata kirahisi anayemtia wasiwasi mdogo kuliko wewe.

Zingatia pia namna ya kupokea simu. Anayepiga mara nyingi ni mwanamke aliye nyumbani, na anachouliza si bei peke yake. Anapima ni mtu wa namna gani atakayeingia ndani mwake. Salamu kamili, sauti ya utulivu, na kumwita mama au dada ipasavyo vina uzito. Ikiwa uko juu ya paa au mashine inanguruma, omba radhi, sema utampigia baada ya dakika kumi, na umpigie kweli.

Ikiwa baada ya kurekebisha hayo daftari bado linaonyesha watu wakinyamaza mara tu bei inapotajwa, na wote wanatoka mitaa ileile, hapo ndipo uifikirie bei. Kwanza ondoa sehemu ya kazi badala ya kupunguza thamani ya kazi nzima: kuosha sofa moja badala ya seti, kusafisha tangi bila kubadilisha koki.

Dalili: walikubali kwenye simu, lakini kazi haikufanyika

Sababu mbili hutawala hapa. Ya kwanza ni saa. "Nakuja sasa hivi" ni maneno yaliyowachosha watu, hasa mwenye nyumba aliyeomba ruhusa kazini ili akusubiri. Taja kipindi unachoweza kukitimiza, mathalani kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, na ukiona utachelewa, mjulishe kabla ya saa hiyo, si baada yake. Anwani za makazi zilizowekwa nchini kwa operesheni ya mwaka 2022 zinasaidia: uliza jina la barabara na namba ya nyumba badala ya kuzunguka ukipiga simu kila kona.

Ya pili huwa haionekani kirahisi: aliyepiga siye anayelipa. Katika nyumba ya kupanga, mpangaji ndiye mwenye shida lakini matengenezo ya bomba kuu au waya ni juu ya mwenye nyumba, na huyo anaweza kuwa Dar es Salaam, Mombasa au Oman. Mpangaji anakubali kwa nia njema, kisha anakwama. Basi uliza mapema, kwa adabu, kama nyumba ni yao au wamepanga. Ukijua, andika makisio mafupi yenye tatizo, vifaa, ufundi na jumla, ambatanisha picha ya kilichoharibika, na umpe mpangaji aitume. Mwenye nyumba aliye mbali anahitaji maandishi zaidi kuliko mtu yeyote, na akishapata fundi anayemwandikia vizuri, humkabidhi na nyumba zake nyingine. Nathubutu kusema kwamba kwa Tanga hawa ni wateja bora wasiotafutwa vya kutosha.

Dalili: kila mteja ni mpya, wa zamani hawarudi

Jiulize kwanza kuhusu kazi yenyewe, kwa ukweli: je, kuna tatizo lililorudi ndani ya mwezi? Njia ya kujua ni kupiga simu siku chache baada ya kazi na kuuliza kama kila kitu kiko sawa. Wengi hawalalamiki, wao hutafuta fundi mwingine. Andika kwenye risiti muda wa dhamana ya ufundi wako, hata siku 30, na uuheshimu bila manung'uniko.

Kisha adabu ya nyumbani: kubisha hodi na kusubiri, kuvua viatu au kutandika kitambaa, kutopita vyumba usivyoitiwa, kutokwenda na msaidizi ambaye mteja hakuambiwa, kutouacha uchafu uani. Mambo haya hayamo kwenye mitaala, lakini ndiyo yanayosimuliwa barazani baada ya kuondoka kwako.

Hata hivyo sababu iliyo kubwa kuliko zote ni kwamba fundi husubiri kukumbukwa. Hewa ya bahari ina chumvi, na chumvi hiyo hula mapezi ya alumini na mabomba ya shaba ya mashine ya nje ya kiyoyozi, hasa nyumba za karibu na ufukwe. Kuosha kwa maji yasiyo ya chumvi mara kwa mara hupunguza uharibifu. Mteja halijui hilo, au analijua na kulisahau. Wewe unayo tarehe kwenye daftari. Majira ya Tanga yanakupangia kazi: mwezi wa kumi na moja, kabla ya joto la kaskazi, ni wakati wa kuwakumbusha wenye viyoyozi, mwezi wa pili, kabla ya masika, ni wakati wa mabati yanayovuja na mifereji iliyoziba, na wiki chache kabla ya Ramadhani na tena kabla ya Idi, masofa, mazulia na mapazia huoshwa. Ramadhani husogea nyuma siku 10 au 11 kila mwaka wa kawaida, kwa hiyo usinakili ratiba ya mwaka jana. Ujumbe wa kukumbusha uwe kwa mtu mmoja mmoja, utaje kazi uliyomfanyia na tarehe yake, usiwe tangazo la wote.

Dalili: majumbani naitwa, lakini shule, hoteli na ofisi zinanikataa

Hapa tatizo ni karatasi. Taasisi hutaka jina la biashara lililosajiliwa BRELA (wakala wa usajili wa biashara na leseni), namba ya mlipakodi, leseni ya biashara na risiti inayokubalika. Za umma hununua kupitia NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi wa mtandaoni, ambamo lazima uwe umejisajili. Kazi za kufunga umeme zinahitaji leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji), na hilo si kwa taasisi pekee. Aliyejifunza kazi mikononi mwa fundi mwingine bila kupita chuoni anaweza kupimwa na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, kwa utaratibu wake wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, akapata cheti. Ikiwa huna mpango wa kuhudumia taasisi, usijigharimu kwa haya yote kwa mpigo. Anza na yale ambayo sheria inayataka kwa kazi unayoifanya sasa.

Kwa mwenye dalili zaidi ya moja

Anza na zilizo mwisho wa safari ya mteja: wanaopaswa kurudi, kisha waliokubali na kukwama, kisha walionyamaza kwenye bei, na matangazo yaje mwisho. Ukileta simu 20 mpya kabla ya kurekebisha mazungumzo, umewafundisha watu wengi zaidi kukukataa, na katika mji ambao watu wanajuana hilo huchukua muda mrefu kufutika.

Badilisha jambo moja kwa mwezi na ulilinganishe na daftari. Mwezi wa Ramadhani usiulinganishe na mwezi wa kawaida, wala Januari ya ada za shule na Novemba. Angalia vilevile safu ya kazi zinazotakiwa, maana wakati mwingine jibu liko hapo: ikiwa miezi mitatu mfululizo watu wa Kange wanakupigia kuulizia kusafisha matangi nawe unawajibu kwamba hufanyi kazi hiyo, basi wateja unao tayari, na kinachobaki ni kujifunza kazi hiyo, kununua pampu na kuwapigia wote walioandikwa kwenye mistari hiyo.